Mombasa Namba 1428

Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia mezani wakati wa mapumziko, daftari limefunguliwa. Alikuwa amenakili mistari minne kutoka kwenye simu ya kaka yake: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba, 1430 Somalia.

"Mwalimu," akasema, "kaka yangu anasema haya ni mawe yaliyoko angani. Mimi namwambia ananidanganya. Mombasa si ni hapa?"

Nafundisha fizikia na jiografia katika shule ya sekondari ng'ambo ya feri, upande wa Likoni, na nimezaliwa huku huku. Nilimwomba anipe siku moja. Usiku ule nilikaa nikisoma mpaka nikasikia adhana ya alfajiri, na tangu hapo jambo hili halijanitoka moyoni. Kila ninayemsimulia, awe mwalimu mwenzangu au muuza madafu pale kivukoni, huniuliza swali lile lile la yule mtoto. Basi nimeona niliandike lote mahali pamoja.

Kaka yake alikuwa mkweli. Baina ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda mpana wa mawe yanayolizunguka jua, makubwa na madogo, yaitwayo asteroidi. Mojawapo linaitwa Mombasa. Jina ni rasmi, namba ni rasmi, na wanafalaki wa dunia nzima wanalijua hivyo. Lilionekana tarehe 5 Julai 1937, na aliyeliona alikuwa Johannesburg: kijana wa miaka 33 aitwaye Cyril Jackson.

Sisi watu wa pwani si wageni wa mbingu. Mjomba wangu, mvuvi wa Mtongwe aliyezaliwa 1938, alinionyesha Kilimia kabla sijajua kusoma: lile fungu la nyota ndogo ndogo zilizobanana, ambalo wazee walipimia mvua na kulima. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Majina ya sayari nayo tunayo, yalikuja na Kiarabu yakakaa vinywani mwetu hata yakawa yetu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Lakini hakuna nahodha wala mzee wa falaki ambaye angeweza kuiona Mombasa ya angani. Hata inapotukaribia kabisa, mwanga wake ni hafifu mara mamia kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho kali laweza kuikamata usiku wa giza katikati ya bahari. Jiwe hili lilihitaji kioo, dawa ya picha na mtu mwenye subira.

Jackson alikuwa na hivyo vitatu. Alizaliwa Ossett, huko Yorkshire, Uingereza, mwaka 1903, na familia yake ikahamia Afrika Kusini angali mtoto. Kazi aliifanya Union Observatory, kituo cha nyota kilichokaa juu ya kilima mjini Johannesburg. Kituo hicho kilianza 1903 kama kituo cha kupima hali ya hewa. Mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Innes, alikuwa mtu wa nyota, na taratibu mvua na upepo zikaachia nafasi darubini. Mwaka 1915 Innes aligundua hapo Proxima Centauri, ambayo mpaka leo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliondoa jua. Jackson alipoingia, mila ya kutafuta vitu vinavyosogea ilikuwa imeshashika mizizi.

Wakati ule picha za mbingu zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa. Kituo kilikuwa na darubini ya picha yenye lenzi ya inchi 10, ambayo Mwingereza John Franklin-Adams alikuwa ameitumia kuipiga picha mbingu yote kabla haijabaki Johannesburg. Darubini yenyewe haina budi kusogea polepole ikizifuata nyota, kwa sababu dunia inazunguka. Ukiiacha imesimama, nyota zote hugeuka michirizi. Kioo kinakaa wazi muda mrefu kikikusanya mwanga tone kwa tone. Kisha kinaoshwa katika chumba cha giza. Kinachotoka ni mbingu iliyopinduliwa rangi: uwanja mweupe, na nyota ni vitone vyeusi, maelfu kwa maelfu, kama vumbi la makaa lililomwagika kwenye shuka.

Kati ya vitone hivyo, kipi ni nyota na kipi ni jiwe lililo jirani? Kwa kutazama tu huwezi kujua. Basi unapiga kioo cha pili cha mahali pale pale baada ya muda, halafu unaviweka vyote viwili kwenye mashine yenye tundu la kuchungulia. Mashine inakuonyesha picha ya kwanza, mara ya pili, mara ya kwanza tena, mara ya pili tena, kama mtu anayepepesa macho. Nyota hazitikisiki. Ila kama kuna kitone kimoja kilichohama, kinaruka: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hivyo ndivyo Innes alivyoigundua Proxima, na hivyo ndivyo wawindaji wa asteroidi walivyopitisha saa zao, wameinama, jicho moja tunduni.

Nilijiuliza kwa nini tarehe za Jackson zinarudi rudi katika miezi ile ile. Kenya na Uganda, kwa maana ya mawe, zilionekana Juni 1933. Nyanza na Ruanda, Mei 1935. Tana, Julai 1935. Ruvuma, Mei 1937. Mombasa, Pemba na Somalia, Julai 1937. Jibu ni zuri mno kwa mwalimu wa jiografia. Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa upande wa pili wa jua, yaani dunia ikiwa katikati yao. Mwezi wa Juni na Julai jua liko kaskazini kabisa. Basi upande wake wa pili uko kusini kabisa, na usiku wa manane sehemu hiyo ya mbingu inapita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Johannesburg. Wanafalaki wa Ulaya miezi hiyo wanaiona sehemu ile ile chini kwenye upeo, imezama katika ukungu, na usiku wao wenyewe ni mfupi. Juu ya hayo, katika nyanda za juu za Afrika Kusini huo ni msimu wa baridi na ukavu: usiku mrefu, anga safi, hakuna wingu. Jackson alikuwa amekaa mahali sawa katika msimu sawa.

Na mwezi nao ulimsaidia. Tarehe 8 Juni 1937 jua lilipatwa, na anayejua mwezi mwandamo anajua maana yake: kupatwa kwa jua hutokea mwezi unapokuwa mpya. Ukihesabu siku ishirini na tisa na nusu unafika tarehe 8 Julai. Kwa hiyo usiku wa tarehe 5 ulikuwa usiku wa giza, mwezi umebaki ukucha tu na haupandi mpaka karibu na alfajiri. Huku kwetu, usiku kama huo katika Julai, kusi linavuma na mitumbwi midogo imevutwa juu ya mchanga. Wavuvi wa Mtongwe walikuwa wamelala ndani ya sauti ya mawimbi, na kilomita zaidi ya elfu mbili kusini kwao mtu alikuwa anakusanya mwanga wa kitu ambacho kingebeba jina la kisiwa chao.

Kuona peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Hili ndilo nililoona gumu kuwaeleza wanafunzi wangu, na ndilo ninalolipenda zaidi. Asteroidi ya kwanza kabisa, Ceres, ilionekana tarehe 1 Januari 1801 na padri Giuseppe Piazzi akiwa Palermo, Sicily. Aliifuatilia kwa siku arobaini na moja, kisha ikaingia kwenye mwangaza wa jua, na ilipotarajiwa kutokea tena hakuna aliyejua iangaliwe wapi. Ilikuwa imepotea. Ndipo kijana Mjerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akaja na njia mpya ya hesabu, akapiga mahesabu kutokana na vipimo vichache vya Piazzi, akasema: tafuteni hapa. Mwishoni mwa mwaka ule ule wakaikuta pale. Kwa hiyo kugundua asteroidi si kuiona mara moja. Ni kuijua njia yake kiasi cha kuweza kurudi kwake unapotaka, kama vile nahodha hawezi kusema amegundua mwamba wa baharini kama hawezi kuupata tena kesho.

Ndiyo maana jiwe letu lilipewa kwanza jina la muda: 1937 NO. Hata herufi hizo zina maana. Mwaka unakatwa vipande vya nusu mwezi na kila kipande kinapewa herufi. N ni nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni zamu ndani ya nusu hiyo, na kwa kuwa herufi I hairuhusiwi, O ni ya kumi na nne. Pemba, iliyoonekana siku tatu kabla, ni 1937 NH, ya nane. Namba ya kudumu, 1428, ilikuja pale njia ilipothibitika. Mfano unaoeleweka vizuri ni Tanga. Jackson na Harry Edwin Wood waliiona Tanga Juni 1930, miaka saba kabla ya Mombasa, lakini namba yake ni 1595. Tanga ilitangulia kuonekana, Mombasa ikatangulia kujulikana. Watani zangu wa Tanga nimeshawaambia.

Tangu hapo, namba zimefurika. Asteroidi zenye namba ya kudumu leo ni zaidi ya 700,000. Zilizopewa na majina ni zaidi ya 24,000. Za mwanzo ziliitwa kwa miungu ya kike ya Warumi na Wagiriki: Ceres, Pallas, Juno, Vesta. Miungu ikaisha upesi. Kufika miaka ya 1930 kila mgunduzi alikuwa anachota anapoweza, na Jackson alichota kwenye ramani ya Afrika: mito, miji, makabila, machifu. Limpopo, Zomba, Ndola, Luanda, Katanga, Xosa, Khama. Ile mistari minne ya daftari la mwanafunzi wangu, Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, ukiisoma kwa mfululizo utadhani unasafiri na jahazi wakati wa kusi, unapanda na pwani kutoka mpakani mwa Msumbiji, ila nahodha amesahau mzigo Pemba, akafika Mombasa ndipo akarudi kuuchukua.

Sasa nije kwenye jiwe lenyewe. Linalizunguka jua kwa umbali wa kati ya mara 2.4 na mara 3.2 ya umbali wetu sisi, na mzunguko mmoja unalichukua miaka minne na miezi minane hivi. Njia yake imeinama nyuzi 17 kulinganisha na njia ya dunia. Linajizungusha lenyewe kwa takriban saa 17. Mimi nina miaka 47. Kwa kalenda ya huko nina kumi tu. Tangu Jackson alione, halijatimiza mizunguko ishirini.

Upana wake ni kama kilomita 57. Nilipoisoma namba hiyo nilitulia kidogo, kwa sababu naijua kwa miguu na kwa matatu: ni kutoka Mombasa mjini mpaka Kilifi. Kisiwa chetu chote, na Fort Jesus yake, na Makadara, na Tudor, na Kilindini, unaweza kukipanga mara nyingi juu ya jiwe hilo na nafasi ikabaki. Pemba ni kinyume kabisa. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 hivi, na asteroidi ya Pemba ina upana wa kilomita 10 tu. Angani Mombasa imekuwa kubwa kuliko mji wenyewe, na Pemba imekuwa ndogo kuliko kisiwa chenyewe. Jackson hakuwa na namna ya kulijua hilo. Kwenye vioo vyake vyote vilikuwa vitone.

Na hapa pana fumbo ambalo lilichukua miongo kulifumbua. Kitone hafifu kinaweza kuwa jiwe dogo jeupe au jiwe kubwa jeusi; kwa mwanga peke yake huwezi kutofautisha. Mombasa ni jeusi. Katika mwanga wa jua unaoliangukia, linarudisha chini ya asilimia 5, sawa na makaa. Waliotatua jambo hili ni wapimaji wa joto. Weka nje juani sufuria iliyojaa masizi na sahani nyeupe ya udongo, urudi baada ya nusu saa uziguse: utajua nani amekunywa jua. Jiwe jeusi linapata joto, na joto hilo linatoka tena kama mionzi isiyoonekana kwa macho. Satelaiti zilizorushwa kupima mionzi hiyo, kuanzia IRAS mwaka 1983 mpaka AKARI ya Wajapani na WISE ya Wamarekani, ndizo zilizoonyesha ukubwa halisi wa maelfu ya asteroidi. Jambo la sufuria nililifanya uwanjani shuleni. Mpishi wa shule alitaka kujua kwa nini sufuria yake inaanikwa mchana wote, nikamwambia inatusaidia kupima Mombasa.

Lakini nilitaka wanafunzi waone kile alichokiona Jackson: kitone kinachoruka. Rafiki yangu mmoja wa Laikipia, mtu mwenye bidii sana na nyota, ana darubini yenye kioo cha sentimita 28 na kamera ya kisasa. Nikamwomba. Alisubiri mpaka Mombasa ilipokuwa mahali pazuri, akapiga picha mbili za sehemu moja ya mbingu, saa mbili baina ya moja na nyingine, akanitumia kwa simu na maneno matatu: "Watafute wenyewe. Usiwaonyeshe."

Nikaziweka kwenye kompyuta, nikainua kompyuta juu ya meza mbili, nikawafundisha kubofya: picha ya kwanza, picha ya pili. Walisongamana vichwa kwa vichwa, mapua yanagusa kioo. Kila mmoja alikuwa na chake. "Mwalimu, hii!" Hiyo ni doa la kamera, liko kwenye picha moja tu. "Mwalimu, hii ndefu!" Huo ni mstari wa satelaiti iliyopita. "Hii hapa imezidi kung'aa!" Nyota, angalia, haijahama. Dakika kumi zikapita. Yule msichana wa daftari alikuwa mbele kabisa, amekunja uso, anafuata safu kwa safu kwa ncha ya kalamu.

Aliyeipata alikuwa kijana mmoja aliyekosa nafasi, amesimama nyuma karibu na mlango. "Si ile inayochezacheza pale chini?" akasema. Wote wakageuka kumtazama yeye badala ya kompyuta. Akapita katikati yao, akaweka kidole. Nikabofya. Kitone chepesi sana, kijivu, kikaruka kidogo kulia. Nikabofya. Kikarudi. Mtu aliyebandika uso kwenye kioo anaona nyota moja moja. Aliyesimama mbali anaona kilichotofautiana na wenzake. Walinilazimisha nibofye mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Niliwaambia kwamba kwa siku nzima kitone hicho kinasafiri kama nusu ya upana wa mwezi mpevu, kwamba mwanga waliokuwa wanautazama ulikuwa umetoka kwenye jua, ukagonga jiwe jeusi, ukatumia zaidi ya dakika kumi kutufikia. Nadhani hawakunisikia. Walikuwa wanaangalia kinavyoruka.

Kisha yule kijana wa mlangoni akauliza: "Na hao walioliita Mombasa, walituuliza?"

Hapana. Mwaka 1937 Kenya ilikuwa koloni, Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, Pemba ilikuwa na sultani na Waingereza juu ya sultani. Majina yalitoka kwenye ramani iliyochorwa na wenye nguvu, na mbingu ikayashika kama yalivyokuwa. Kule juu bado kuna Rhodesia, jiwe namba 1197 lililoonekana 1931. Nchi yenyewe ilijivua jina hilo 1980 ikawa Zimbabwe. Kuna Ruanda iliyoandikwa kwa herufi za Wabelgiji. Ethiopia, namba 1432, ilionekana tarehe 1 Agosti 1937, Waitalia wakiwa wameikalia Addis Ababa. Jina la asteroidi likishakubaliwa halibadilishwi kwa sababu serikali imeanguka. Na wakazi wa kisiwa chetu, ukiwauliza mwaka ule mji wao unaitwaje, wengi wangekujibu Mvita. Nimelifikiria sana hilo. Jiwe Mvita. Lingependeza.

Hata hivyo simchukii Jackson kwa lolote. Angeweza kuyapa mawe yake majina ya matajiri wa migodi ya dhahabu. Aliyapa majina ya mito yetu, na kwa kufanya hivyo ametuachia mlango. Na mlango huo wengine wameshaupitia. Tarehe 1 Novemba 2023 chombo cha Marekani kiitwacho Lucy kilipita karibu na asteroidi ndogo katika ukanda huo huo, haifiki hata kilomita moja kwa upana. Lucy ni jina ambalo Wazungu waliyapa mabaki ya yule mwanamke wa kale aliyefukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Waethiopia wana jina lao kwa ajili yake, Dinkinesh, yaani wewe ni wa ajabu. Na hilo, la Kiamhari, ndilo lililopewa jiwe. Picha zilipowasili zikaonyesha Dinkinesh ana mwezi wake mdogo, na huo ukaitwa Selam. Amani. Niliposoma neno hilo sikuhitaji kamusi, wala mtu yeyote wa pwani hataihitaji.

Union Observatory haifanyi kazi tena. Johannesburg ilikua, taa zake zikaifunika mbingu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya nyota ikahamishiwa Sutherland, kwenye jangwa la Karoo kulikobaki giza. Jackson alifariki 1988. Aligundua asteroidi 72, na moja aliyoiona mwenzake Wood mwaka 1926, namba 2193, inaitwa Jackson. Nayo iko huko, inazunguka na Mombasa na Pemba na Tanga.

Jioni ya siku ile ya darasa nilivuka na picha zile mbili mpaka kwa mjomba. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kompyuta kwake ni mwanga tu. Nikamsimulia: jiwe, kioo, Mzungu wa Johannesburg, mwezi giza wa Julai, mtoto wa mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyosikiliza taarifa ya hali ya bahari.

"Linazama saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia majira haya linatoka jua linapozama na linazama jua linapotoka.

"Basi sasa saa mbili liko mashariki, limeshapanda."

"Naam, mjomba. Limeshapanda."

Akashika mikono ya kiti chake, akainuka kidogo, akakigeuza kutoka kwenye ukuta mpaka kikaelekea baharini, akakaa.